Mgongo wa Kiptalam

Mshipa wa kisigino ulimkatika Kiptalam siku ya Jumanne asubuhi, kwenye kona ya pili ya uwanja wa udongo wa Kapchelal, na wa kwanza kujua hakuwa yeye bali mkewe. Jemeli alikuwa hatua mbili nyuma, macho yameigandia ile fulana ya manjano iliyofifia ya mumewe, kama kila Jumanne. Aliuona mgongo ukiyumba. Halafu akaona haupo.

"Inuka, Baba Jesang," alisema akihema. "Umejikwaa tu."

"Sijajikwaa. Kuna mtu amenipiga jiwe." Kiptalam aligeuka, mkono kwenye kisigino, kumtafuta huyo mtu. Nyuma hapakuwa na yeyote isipokuwa kondoo wa kanisa wakila nyasi za katikati ya uwanja. Akajipapasa tena, na uso ukambadilika. "Endelea wewe. Mzunguko haujaisha."

"Niendelee nyuma ya nani?"

Wakatazamana. Majaribio ya kuchagua timu ya taifa yalikuwa mwezi uliofuata kule Nairobi, na Jemeli hakuwa amewahi kukimbia mita elfu moja na mia tano bila mgongo wa mumewe mbele yake. Si mazoezini, si popote alipokimbia vizuri.

Kule juu kwenye ukingo wa bonde, mwanaume kumkimbizia mkewe si kioja. Wapo wengi. Waliacha mbio zao wenyewe wakawa sungura wa wake zao: wanatangulia, wanakata upepo, wanashika mwendo, na jioni wanapika ugali na kuwakanda miguu. Watu huwacheka mpaka siku mke arudi na zawadi. Kiptalam alichekwa mwaka baada ya mwaka, akanyamaza, akawa sungura hodari kuliko wote. Hakuvaa saa, kwa kuwa mwendo aliubeba kifuani. Akitaka kuongeza kasi, aligusa nyonga kwa mkono wa kushoto, mara moja, na Jemeli akajua. Amri zake zilikuwa chache. Usitazame saa. Usisikilize kelele za watu pembeni. Angalia mgongo wangu, mengine niachie mimi.

Jemeli aliyashika hayo kama mtu anavyoshika sala.

*

Hospitalini walisema apasuliwe. Walipotaja bei, Kiptalam aliomba tu bandeji na gongo la kutembelea. Mama yake, ambaye mji mzima ulimwita Kogo, alimpokea mlangoni akautazama ule mguu kama anavyotazama ng'ombe wa kununua.

"Huu haukimbii tena," alisema.

"Kogo, hata pole huna?"

"Pole ni ya wagonjwa. Wewe ni fundi aliyevunja nyundo." Akamsogezea kigoda. "Ndama tumeuza kwa sababu ya hizo mbio. Shamba la chini tumekodisha. Sasa niambie, huyu msichana wangu atakimbiaje?"

Kiptalam alikuwa amekwisha kufikiria. Kesho yake alimkodi jirani yao Tarus na pikipiki yake. Tarus aliendesha polepole kwenye barabara ya murram, Kiptalam akakaa nyuma yake na ile fulana ya manjano, mguu mbovu umening'inia, naye Jemeli akafuata mbio akimeza vumbi na moshi. Kiptalam akitaka kuongeza kasi, anagusa nyonga. Halafu anamgonga Tarus begani ili pikipiki nayo ijue.

Wanawake wa sokoni waliacha viazi vyao wakaja kando ya barabara.

"Heri yako, Kiptalam. Siku hizi unakimbia umekaa."

"Mwacheni jamani. Mbio zimemwingia mpaka kwenye makalio."

Tarus naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka usukani ukayumba. Kiptalam alitazama mbele. Nyuma alimsikia Jemeli akikohoa, ule moshi umemkaba, lakini hatua zake hazikukatika.

Jioni Kiptalam alimkanda mkewe miguu kama kawaida. Jemeli akasema, "Kesho nitangulie mimi. Niende uwanjani peke yangu, wewe ukae pale na saa uniambie."

"Hapana."

"Siku zipo bado. Nikizoea?"

"Ukitangulia utajichoma kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho. Mwendo huujui, Mama Jesang. Mwendo ninaujua mimi."

"Nitaujuaje kama sijaribu?"

"Huko Nairobi hutakosa mgongo. Wasichana wako wengi, mmoja lazima atatangulia. Mfuate huyo, ukiona mstari, mpite. Basi."

Alisema hivyo, na aliamini. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema wala hakulitazama vizuri. Ndani ya nyumba ile hakuwa mkulima, maana shamba lilikuwa la watu sasa. Hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mgongo. Siku mkewe atakapojifunza kukimbia bila mgongo, yeye ataitwa nani?

*

Wiki ile ile gari kubwa jeupe lilisimama mbele ya boma lao. Akashuka Kocha Chumo, mwenye kambi ya Kaptoyo, tumbo mbele, miwani ya jua kichwani. Chumo alikuwa na wakimbiaji wake kambini, tena alikuwa mmoja wa wale wanaokaa mezani kuchagua timu. Wakubwa wenzake hawakuona kasoro hapo. Huyo huyo apike, huyo huyo aonje, huyo huyo agawe nyama.

"Nimesikia umeumia, nikasema nipite kukuona," alisema. "Sisi ni watu wamoja."

Kiptalam alifurahi kuliko alivyotaka ionekane. Tangu aanze kumkimbizia Jemeli, hakuna mkubwa aliyewahi kukanyaga ua wake. Kogo alitoa kibuyu cha mursik, akamimina kikombe kikajaa. Chumo alikunywa, akapangusa midomo, akasifu maziwa, akasifu ua, kisha akauliza kama mtu anayepoteza wakati tu:

"Mama Jesang yuko sawa kweli? Nelly wangu kule kambini anamwogopa."

"Amwogope," Kiptalam akasema.

"Hukaa mbele au hupenda nyuma?"

Kiptalam akacheka. "Mbele ni kwangu, Kocha. Yule hajui mbele. Lakini mwekee mgongo tu, unaokwenda sawasawa, hatapepesa macho. Hata mgongo ukiingia mtoni, naye ataingia."

"Kumbe."

"Fulana hii hii, miaka yote. Haoni kitu kingine."

Jemeli alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisimama pale. Chumo akatazama ile fulana ya manjano kwa muda, akamaliza maziwa yake, akasimama, akaacha noti moja kwenye kigoda kwa ajili ya mtoto.

Gari lilipokwisha kupotea, Jemeli aliweka sinia chini. "Umemwambia nini yule mtu?"

"Nimekusifu."

"Umenisifu," alisema Jemeli, akaanza kukusanya vikombe.

*

Uwanjani Nairobi mlinzi wa lango la wakimbiaji alimzuia Kiptalam kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na hindi la kuchoma.

"Kitambulisho cha kocha?"

"Mimi ndiye kocha wake. Ni mke wangu."

"Kocha wa cheti ama wa kitandani, mzee?" Walinzi wenzake wakacheka. "Zunguka kule, kuna waya karibu na vyoo. Utaona tu."

Jemeli alimshika mkono kidogo. "Nenda pale. Nitakuwa sawa." Akaingia peke yake, mfuko wa viatu vya misumari begani. Kiptalam akachechemea na gongo lake mpaka kwenye waya, upande wa mbali, penye harufu ya mkojo. Ng'ambo, chini ya paa, aliwaona wakubwa wamekaa kwenye viti vya mito na chupa za maji, na Chumo katikati yao.

Watatu wa kwanza ndio wangeenda. Kila mtu alijua hivyo, tena Jemeli alijua zaidi. Alikuwa na umri ambao wasichana wa mbio hizo huambiwa wajaribu za barabarani. Safari nyingine kama hii haingekuwapo.

Wasichana walijipanga. Kambi ya Chumo huvaa nyekundu. Nelly Jebichii, nyota wao, alivaa nyekundu. Wenzake walivaa nyekundu. Mmoja wao, msichana mwembamba ambaye Kiptalam hakumjua, alivaa manjano.

Kwanza Kiptalam alidhani ni bahati. Hata alitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

Bastola ililia. Yule wa manjano alichomoka akashika mbele, na mwendo alioushika ulikuwa mzuri, tulivu, sawasawa kabisa na mwendo wa Jumanne za Kapchelal. Jemeli akaja akakaa hatua mbili nyuma yake. Kiptalam alimwona mabega yake yakilegea, uso ukipoa, kama mtu aliyefika nyumbani. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Watu walipiga makofi, mtangazaji akasema mbio zinapendeza.

Mzunguko wa tatu ndipo yule wa manjano alipoanza kupunguza. Hakupunguza kwa ghafla. Alipunguza kama taa ya mafuta inavyopungua, hujui mpaka umeshindwa kusoma. Nelly akapita kwa nje. Akapita mwingine. Akapita wa tatu. Jemeli alibaki palepale, hatua mbili nyuma, macho mgongoni.

"Jemeli!" Kiptalam alitupa gongo akashika waya kwa mikono miwili. "Mpite! Mama Jesang, mpite huyo!"

Walipita mbele yake kabisa, karibu hivi kwamba alisikia misumari ikichana uwanja. Aliita tena, sauti ikapasuka. Jemeli hakugeuza hata jicho.

Kengele ilipolia, yule wa manjano alijishika ubavu, akatoka nje ya mstari, akakaa kwenye nyasi.

Na Jemeli akabaki hana mtu mbele. Kwa hatua kadhaa alipunguza mwendo, mikono ikapoteza mpango, kama mtu aliyeshushwa njiani mahali asipopajua. Wale watatu walikuwa wamekwisha fika kona. Ndipo akaanza. Alikimbia vibaya, kichwa kikiyumba, lakini alikimbia kwa kasi ambayo Kiptalam hakuwahi kuiona kwake wala kwa mtu mwingine, na uwanja mzima ukasimama. Alimfikia yule wa tatu kwenye mstari wenyewe. Wengine walisema amempita. Mtambo wa picha ukasema hapana.

Wa nne.

*

Alimkuta nje ya lango ameketi kwenye ukingo wa barabara, viatu mkononi, damu kwenye kidole.

"Nilikuita," alisema Kiptalam.

"Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Sauti yako nitakosa kuijua? Nilikusikia mara zote mbili." Alikuwa akiondoa udongo kwenye misumari kwa kijiti, mmoja mmoja. "Nikasema, sauti zinatoka pembeni. Yeye yuko mbele."

Kiptalam aliweka gongo chini. Akakaa kando yake, mguu mbovu ameunyoosha barabarani, magari yakiuzunguka na kupiga honi.

Baadaye alikwenda hotelini walikofikia wakubwa. Mhudumu alimwambia asubiri, wazee wanakula. Akasubiri amesimama, kwa kuwa viti vya pale vilikuwa vya wageni. Kupitia kioo aliona sinia la nyama choma likiingia, likatoka mifupa, likaingia jingine. Mwishowe Chumo akaja mlangoni akichokonoa meno.

"Kiptalam. Mama amejitahidi."

"Yule msichana wa manjano ni wako."

"Wasichana wote ni wangu. Hata wako angekuwa wangu, leo angekuwa ndani ya timu."

"Ulimvisha fulana yangu, Kocha. Ulikuja kwangu, ukanywa maziwa ya mama yangu, ukaenda ukamvisha mtu fulana yangu."

"Rangi ni sheria gani? Msichana ametangulia, amechoka, ametoka. Nani amemkataza mkeo kupita?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Kiptalam zaidi. "Lakini haki ya kukata rufaa unayo. Unaileta kwa kamati. Kamati ndiyo ile, unaiona kwenye kioo. Inakula."

Kiptalam alitazama. Mmoja wa kamati alimpungia mkono mwenye mafuta, akidhani ni mtu wa Chumo.

"Sikiza sasa," Chumo akasema na kumshika bega. "Nelly ana mbio nyingi nje mwaka huu. Kule wanataka sungura mwanamke. Mkeo ana mguu. Amvute Nelly mizunguko miwili na zaidi kidogo, halafu atoke."

"Atoke wapi?"

"Nje ya uwanja. Akitoka analipwa. Asipotoka, halipwi, na haitwi tena."

"Mke wangu hajui kukaa mbele. Wewe mwenyewe unajua."

"Tutamfundisha," alisema Chumo. "Si kitu kigumu."

*

Alikusudia kuificha habari hiyo. Lakini nyumbani Kogo alimtazama mara moja tu akasema, "Umetoka na neno huko, liteme." Akalitema, wote watatu wamekaa jikoni, sufuria ya mboga ikichemka.

"Nimemkatalia," alimalizia.

"Umekataa kwa mdomo wa nani?" Kogo akauliza. "Shamba lina watu. Zizi lina upepo. Mguu wako nao umeuweka pale kama jembe lililokatika mpini. Unataka nani akimbie, mimi?"

"Kogo, wale ndio waliomwibia."

"Najua. Nionyeshe wengine wenye kazi, aende kwao."

Jemeli alikoroga mboga, akaonja, akaongeza chumvi. "Nitaenda," alisema.

"Utakuwa sungura wa Nelly?" Kiptalam aliinua sauti. "Wewe? Umvutie yule, halafu ukae kwenye nyasi umpigie makofi?"

"Na wewe ulikuwa nani, Baba Jesang?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kijiko mkononi, kama anayetaka kujua kweli. Kisha akapakua, wakala.

Alikwenda kambini na mfuko mmoja. Alipopiga simu mara ya kwanza, Kiptalam alitoka nje kwenye mtandao mzuri, akasimama kwa gongo katikati ya ua. Jemeli aliuliza habari za mtoto, habari za mguu. Kisha Kiptalam akasikia pumzi yake.

"Wamenitanguliza," alisema.

"Ukajichoma."

"Hapana. Si vigumu, Baba Jesang. Siku mbili tatu tu. Ni kukimbia tu."

*

Mbio zenyewe zilikuwa huko Uchina, kwao ni usiku, Kapchelal ni mchana. Hoteli ya Rono ilikuwa na televisheni, na watu walijazana na chai zao, kwa sababu Nelly Jebichii alikuwa mtoto wa upande ule. Tarus alimwachia Kiptalam kiti cha mbele kwa heshima ya mguu.

Jemeli alionekana kwa muda mfupi tu walipokuwa wakijipanga. Mtangazaji hakutaja jina lake. Kifuani hakuwa na jina kama wenzake, aliandikwa neno moja la Kizungu, la kazi yake.

Bastola ikalia, naye akatangulia.

Kiptalam aliacha chai ipoe. Alikuwa hajawahi kumwona mkewe kutoka pembeni akiwa mbele. Miaka yote alikuwa akimsikia tu, nyuma. Alikuwa mzuri. Kichwa kilitulia, mabega yalitulia, mbele yake hapakuwa na kitu ila uwanja mwekundu uliolowa taa, na alikuwa akiula kama mtu aliyezaliwa kuula. Wale wengine wote wakubwa wa dunia walimfuata kwa mstari mmoja. Nelly alikuwa hatua mbili nyuma, macho mgongoni mwake.

"Huyo wa mbele ni nani?" mzee mmoja akauliza. "Huyo atashinda."

Tarus akafungua mdomo, akamtazama Kiptalam, akaufunga.

Mzunguko wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Kwenye kona Jemeli aliteremsha mkono wa kushoto, akagusa nyonga, mara moja. Kisha akaongeza kasi, na Nelly akaongeza naye.

Kiptalam alijikuta amesimama kwa mguu mmoja. "Usitoke," alisema, si kwa sauti kubwa. "Mama Jesang. Endelea. Usitoke."

Alikuwa hajachoka. Mtu yeyote aliyewahi kukimbia angeona kwamba hajachoka. Alifika mahali palipopangwa, akatazama chini, akavuka mstari kuingia kwenye nyasi kwa hatua mbili za adabu, kama anayempisha mkubwa mlangoni. Wengine wakapita kwa kishindo. Picha ikawafuata.

"Kaumia?" yule mzee akauliza. "Mbona ametoka, na alikuwa anashinda?"

"Hajaumia," Kiptalam akasema.

"Sasa?"

"Kazi yake imeisha."

Kengele ililia, hoteli nzima ikaanza kumshangilia Nelly, vikombe vikigongwa mezani. Kiptalam alibaki amesimama, akitazama ukingo wa kushoto wa ile televisheni, pale alipopotelea. Picha haikurudi huko.